Gazeti la Leo, Mtihani wa Mwakani: Namna Watahiniwa wa India Wanavyodurusu Matukio ya Sasa

Katika mtihani wa mchujo wa utumishi wa umma wa India wa mwaka 2022, watahiniwa waliwekewa majina ya maeneo manne yanayotajwa mara kwa mara kwenye habari, kila moja likiwa limeambatanishwa na nchi: Anatolia na Uturuki, Amhara na Ethiopia, Cabo Delgado na Hispania, Catalonia na Italia. Walitakiwa kusema ni jozi ngapi zilizo sahihi. Jibu ni mbili, kwa kuwa Cabo Delgado iko Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma ukitokea Mtwara, na Catalonia iko Hispania. Mwaka uliofuata likaja swali la sura hiyohiyo: Donbas na Syria, Kachin na Ethiopia, Tigray na Yemen ya Kaskazini. Mara hii hapakuwa na jozi hata moja iliyo sahihi. Katika karatasi hiyo ya 2023 waliulizwa pia ni jambo gani lililozifanya Chad, Guinea, Mali na Sudan zizungumzwe duniani, na jibu likawa mapinduzi yaliyofanikiwa. Maswali haya hayajibiki kwa kitabu cha shule peke yake, maana kitabu cha shule hakifuati vita wala mapinduzi ya juzi. Lakini hata mtu aliyekariri vichwa vya habari vya mwaka mzima hana hakika ya kuyajibu, kwa sababu hayaulizi tarehe, idadi ya waliokufa wala jina la kamanda. Yanauliza kama msomaji, alipolikuta jina la Tigray au Cabo Delgado gazetini, alisimama, akafungua ramani na kujua mambo hayo yanatokea wapi na kwa nini.

Hapo ndipo inapoanzia hoja ya uchambuzi huu. Kudurusu matukio ya sasa kila siku ni desturi iliyoshika mizizi miongoni mwa vijana wa India wanaojiandaa kwa mitihani ya ushindani, na ni desturi yenye manufaa ya kweli. Manufaa hayo, hata hivyo, hupatikana pale tu ambapo habari ya siku inageuzwa kuwa maarifa ya kudumu kuhusu Katiba, uchumi, jiografia na historia. Kurundika habari ni kazi nyingine, ingawa kwa nje zinafanana: zote mbili zina gazeti, daftari na kalamu ya rangi, na zote mbili humwacha kijana amechoka jioni akiamini amefanya kazi. Tofauti ya kazi hizo mbili huonekana baada ya miezi, ndani ya chumba cha mtihani, na huonekana zaidi baada ya miaka, katika maisha ya wale ambao hawakuchaguliwa. Kwa kuwa hao ndio wengi kupita kiasi, namna ya kusoma isiyowaachia kitu haiwezi kutetewa hata kama ingekuwa inawasaidia wachache wanaofaulu. Na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba haiwasaidii hata hao.

Ukubwa wa jambo hili unastahili kuelezwa kwa takwimu. Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, ambayo chimbuko lake ni tume iliyoundwa tarehe 1 Oktoba 1926, huendesha mtihani wake mkubwa kila mwaka kwa hatua tatu. Kwanza ni mchujo wa karatasi mbili za kuchagua majibu. Karatasi ya maarifa ya jumla ina maswali 100 ya kujibiwa kwa saa mbili, yenye jumla ya alama 200. Ile ya ufahamu, mantiki na hesabu humtaka mtahiniwa afikishe asilimia 33 tu. Kisha unafuata mtihani mkuu wa karatasi tisa za kuandika, ambamo alama zinazohesabiwa ni 1,750, na mwishoni usaili wa alama 275. Mwaka 2022 walioomba walikuwa 1,135,697. Waliofika ukumbini walikuwa 573,735, waliovuka kwenda mtihani mkuu 13,090, walioitwa kwenye usaili 2,529, na waliopendekezwa kuajiriwa 933. Kati ya kila watahiniwa 1,000 waliokaa kwenye viti siku ya mchujo, waliochaguliwa hawakufika wawili. Na huo ni mtihani mmoja. Ipo mitihani ya tume za majimbo, ya Tume ya Uteuzi wa Watumishi inayojaza nafasi za kati na za chini serikalini, ya mabenki na ya shirika la reli, na karibu yote ina sehemu ya matukio ya sasa. Mtaala wa mchujo unaitaja mada hiyo kwa maneno machache mno: matukio ya sasa yenye umuhimu wa kitaifa na kimataifa. Mada nyingine zina mwisho. Katiba ina ibara zinazohesabika na jiografia ina mito na milima isiyohama. Hii ya matukio ya sasa huongezeka kila alfajiri, na hakuna mwalimu anayeweza kumwambia mwanafunzi kwamba ameimaliza.

Juu ya maneno hayo machache kumejengwa soko kubwa. Katika mitaa ya Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar jijini Delhi, na katika miji ya Prayagraj na Patna, tuisheni ya mitihani hii ndiyo inayolisha nyumba za kupanga, maduka ya kudurufu karatasi na maktaba za kukodi kiti kwa mwezi. Mwanafunzi huanza siku na The Hindu, gazeti lililoanzishwa mwaka 1878, au The Indian Express. Baada ya hapo kuna muhtasari wa gazeti hilohilo uliotayarishwa na kituo cha tuisheni, video ya mwalimu anayelichambua ukurasa kwa ukurasa, taarifa za idara ya habari ya serikali, na maswali kumi ya jioni kwenye simu. Mwezi ukiisha huja jarida la mwezi, sambamba na majarida ya serikali kama Yojana na Kurukshetra, na yale ya kibiashara kama Pratiyogita Darpan lililoanza mwaka 1978. Mtihani ukikaribia huja kitabu cha mwaka mzima, kisha kitabu cha kufupisha kitabu hicho. Kila tabaka linabeba habari ileile iliyobebwa na tabaka lililotangulia, na kila moja linauzwa au kusambazwa kwa kutia hofu kwamba usipolisoma, mwenzako amelisoma. Matokeo yake ni mpangilio wa ajabu wa muda: mwanafunzi anaweza kukutana na habari moja mara nne au tano kwa siku moja, halafu asikutane nayo tena kwa miezi kadhaa. Kwa mujibu wa yote yanayojulikana kuhusu kumbukumbu ya binadamu, huo ndio mgawanyo mbaya kuliko mwingine wowote wa marudio matano.

Kwanza, hata hivyo, ni lazima kuuliza habari yenyewe imeundwa na nini. Chukua taarifa inayojitokeza karibu kila baada ya miezi miwili, kwamba kamati ya sera ya fedha ya Benki Kuu ya India imepandisha, imeshusha au imeiacha ilivyo riba ambayo benki hiyo huyatoza mabenki ya biashara. Tarakimu ya riba ndiyo hupigiwa mstari mwekundu daftarini, nayo ndiyo huoza mapema, kwa kuwa kikao kinachofuata kinaweza kuibadilisha kabla mtihani haujafika. Lakini nyuma ya tarakimu hiyo kuna mambo yasiyobadilika kila baada ya miezi miwili. Kamati ina wajumbe sita na iliundwa mwaka 2016 baada ya sheria ya Benki Kuu kurekebishwa. Inatakiwa kukutana si chini ya mara nne kwa mwaka. Lengo ililopewa ni mfumuko wa bei wa asilimia 4, ukiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2. Kuna pia mantiki ya jinsi riba inavyopita kutoka benki hadi kwa mkulima anayekopa na mjenzi anayeahirisha nyumba, na sababu za bei ya nyanya au vitunguu kutoitii riba. Mwanafunzi aliyetumia taarifa ya leo kuyaelewa haya hahitaji kuanza upya kikao kijacho. Taarifa inayofuata humkuta tayari ana mahali pa kuiweka, na dakika anazotumia kuisoma hupungua kila mara. Aliyeandika tarakimu peke yake huanza upya kila baada ya miezi miwili, na mwisho hubaki na tarakimu sita zinazofanana, asijue ipi ilifuata ipi.

Mfano wa pili unahusu bara letu. Tarehe 17 Septemba 2022 duma wanane kutoka Namibia waliachiwa katika hifadhi ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh, na Februari 2023 wakafuatiwa na kumi na wawili kutoka Afrika Kusini. Kwa mkusanyaji wa habari, hayo ni mambo manne: tarehe, idadi, nchi na jina la hifadhi. Kwa msomaji, tukio hilo linafungua sura nzima ya mtaala wa mazingira. India ilitangaza mwaka 1952 kwamba duma wametoweka nchini humo. Duma wa Asia leo wamebaki Iran peke yake, hivyo walioletwa ni wa jamii ndogo nyingine, na hapo panazuka mjadala halisi wa kisayansi na kisheria kuhusu kumhamishia mnyama mahali ambapo ndugu yake wa karibu alitoweka. Kuna suala la mbuga na msitu, la ukubwa wa eneo analohitaji duma, la vijiji vinavyopakana na hifadhi, na la mgawanyo wa madaraka kati ya serikali ya muungano na majimbo. Mwaka 2023 vivyo hivyo ulileta habari mbili zilizoigusa Afrika moja kwa moja: Umoja wa Afrika kuwa mwanachama wa kudumu wa G20 katika mkutano wa New Delhi wa Septemba, na taasisi ya teknolojia ya IIT Madras kufungua kampasi Zanzibar, ya kwanza nje ya India kwa taasisi za jina hilo. Anayezisoma pamoja huanza kuuona mwelekeo wa sera ya India katika Bahari ya Hindi na barani Afrika, na mwelekeo ndio unaoulizwa katika mtihani mkuu. Anayezikariri mbalimbali hubaki na mistari miwili isiyojuana.

Sasa twende kwenye kumbukumbu. Katika kuta za vyumba vingi vya kusomea hubandikwa mchoro wa mteremko wa kusahau, uliotokana na kazi ya Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885. Mchoro huo hutumiwa kumtisha mwanafunzi: usiporudia leo, kesho umepoteza theluthi mbili. Jambo ambalo kwa kawaida haliambatani na mchoro ni kwamba Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi alizozitunga makusudi zisiwe na maana yoyote, ili maarifa ya zamani yasiingilie majaribio. Kwa hiyo mteremko ule mkali unaonyesha hatima ya kitu kisichoshikamana na chochote kichwani. Jina la mshindi wa tuzo usiyoijua, kutoka nchi usiyoijua, kwa kazi usiyoielewa, lina tabia za silabi za Ebbinghaus, na litateremka vivyo hivyo. Habari iliyofungwa kwenye ibara ya Katiba unayoifahamu, au kwenye ramani uliyowahi kuichora, haiteremki kwa kasi hiyo. Kuelewa na kukumbuka vimepangwa kana kwamba ni kazi mbili zinazogombea saa zilezile, ya kwanza ikiachiwa mtihani mkuu na ya pili mchujo. Ukweli ni kwamba kuelewa ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ya kukumbuka, na mwanafunzi anayeiruka kwa sababu ya haraka huilipia baadaye kwa marudio yasiyo na idadi.

Ipo pia namna ya kurudia yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja kisha likajitahini mara tatu kwa kuandika lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojitahini walikumbuka takriban asilimia 61, waliosoma mara nne asilimia 40. La kuzingatia zaidi ni kwamba waliosoma tena na tena ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujifunza zinazopendwa na wanafunzi. Mbinu mbili tu ndizo walizozipa daraja la juu, yaani kujitahini na kuyatawanya marudio katika siku na wiki. Kupigia mistari, kusoma upya na kuandika muhtasari zilipewa daraja la chini. Ukiyalinganisha matokeo haya na siku ya kawaida ya mtahiniwa wa Delhi, utaona kwamba saa nyingi zinakwenda kwenye mbinu za daraja la chini, na kwamba hisia ya kulifahamu somo, inayoletwa na kuiona habari mara tano kwa siku, ndiyo inayomzuia kugundua kwamba hajaishika. Huko ni kujaza pakacha maji: mkono unachoka, na chombo hakijai.

Kutokana na hayo, marudio ya kila siku yanayostahili jina hilo yana sura inayoweza kuelezwa bila kuficha siri yoyote. Chanzo ni kimoja, gazeti moja au muhtasari mmoja, kinachosomwa kwa muda uliowekewa mpaka. Kila habari hupimwa kwa swali moja kabla ya kuandikwa: inagusa sehemu gani ya mtaala? Isiyogusa popote huachwa bila majuto. Inayogusa haiandikwi kwenye daftari la tarehe, bali kwenye kurasa za mada yake, ili habari ya Septemba kuhusu mahakama ikae chini ya ile ya Machi, na msomaji aone kilichobadilika. Huandikwa kama swali, si kama sentensi ya kusomwa tena. Kesho yake, kabla ya kufungua gazeti jipya, maswali ya jana hujibiwa kwa kichwa, kisha yale ya wiki iliyopita, kisha ya mwezi uliopita. Linalojibika kwa urahisi husogezwa mbali, lisilojibika hurudishwa karibu. Mpangilio huo si mgeni. Mwandishi Mjerumani Sebastian Leitner aliueneza katika miaka ya 1970 kwa kadi na kisanduku chenye vyumba, na daftari la kawaida linautosheleza. Mara moja kwa wiki mwanafunzi huandika aya kadhaa akiunganisha habari mbili au tatu, kwa sababu mtihani mkuu utamtaka aandike hoja ndani ya dakika chache, na kuandika hoja hakujifunzwi kwa kuchagua herufi.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni kwamba si mitihani yote inafanana na ule wa Tume ya Muungano. Mitihani ya reli, ya benki na ya Tume ya Uteuzi wa Watumishi huuliza mambo makavu: nani ameteuliwa kuongoza taasisi fulani, kombe limechukuliwa na nani, mkutano umefanyika mji gani. Kwa vijana hawa, watasema watetezi wa mkusanyo, ushauri wa kutafuta maana ni anasa. Ni kweli kwamba sehemu hiyo ya kazi ni ya kukariri, na hakuna aibu katika kukariri kinachohitaji kukaririwa. Lakini ushahidi wa kujitahini na kutawanya marudio unahusu mambo makavu sawasawa na mengine, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayofanana na silabi za Ebbinghaus. Tena mambo hayo hudumu muda mfupi: mitihani hii hupendelea matukio ya miezi ya karibuni, kwa hiyo orodha ya miaka miwili ni mzigo usio na kazi. Mwanafunzi anayefanya mitihani ya aina zote mbili anafaa atenganishe madaftari mawili, moja la mambo yanayooza na jingine la mambo yanayodumu, na asikubali la kwanza limeze muda wa la pili. Kosa la mafungu makubwa ya muhtasari wa kila siku ni kwamba huchanganya yote mawili na kuyapa uzito mmoja.

Pingamizi la pili linatoka kwenye ushindani wenyewe. Alama moja inaweza kumtenga aliyefaulu na aliyeshindwa. Basi nani atathubutu kuacha habari yoyote? Hofu hii inaeleweka, lakini hesabu za mtihani haziiungi mkono. Mwaka 2023 alama ya kufuzu mchujo kwa kundi la watahiniwa wasiotengewa nafasi maalumu ilikuwa 75.41 kati ya 200, yaani chini ya asilimia 38. Mwaka uliotangulia ilikuwa 88.22. Mtihani ambao mtu huvuka akiwa hajafikisha nusu ya alama hautafuti anayejua kila kitu. Mtu huyo hayupo, na waandaaji wa mtihani wanalijua hilo. Pia kila jibu lisilo sahihi hukatwa theluthi ya alama mbili za swali. Anayebahatisha bila kujua lolote, kwa wastani hapati wala hapotezi. Anayeweza kuondoa jibu moja kwa kutumia akili, hesabu huanza kumpendelea. Anayepata hasara ni yule anayejibu kwa uhakika jambo alilolichanganya na jingine, na mchanganyiko wa aina hiyo ndio zao la kurundika mambo mengi yanayofanana. Maswali yanayouliza ni kauli au jozi ngapi zilizo sahihi, yaliyotawala karatasi ya 2023, yameuongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa hayamruhusu mtahiniwa kupenya kwa kujua moja tu kati ya matatu. Kujua mambo machache kwa uthabiti kumekuwa salama kuliko kuyajua mengi kwa kuyagusagusa.

Pingamizi la tatu linagusa usawa, nalo halipaswi kujibiwa kwa haraka. Karatasi za mchujo huchapishwa kwa Kihindi na Kiingereza, na mtihani mkuu unaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya 22 zilizoorodheshwa katika Jedwali la Nane la Katiba. Lakini magazeti yanayopendekezwa na karibu kila mwalimu ni ya Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kihindi katika shule ya kijiji cha Bihar anaweza kutumia saa tatu pale mwenzake wa Delhi anapotumia moja, na huenda anafanya kazi ya kibarua mchana. Kumwambia huyo asome gazeti zima kisha adharau muhtasari ni kumwongezea mlima. Muhtasari wa lugha yake, alioletewa kwa simu bila malipo, umemfungulia mlango ambao wazazi wake hawakuwahi kuuona, na jambo hilo linastahili heshima. Hoja ya uchambuzi huu haiukatai muhtasari kama chanzo; inaukataa ukiwa ndiyo kazi yote. Aliye na muda mchache ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuchagua chanzo kimoja, kukifunga na kujiuliza maswali, kwa kuwa hana saa za kupoteza kwenye marudio ya tano ya habari ileile. Kujitahini hakuhitaji ada, na ramani ya shule inamtosha. Wanaofaidika na wingi wa machapisho ni wenye fedha za kuyanunua na miaka ya kuyasoma. Kupunguza mzigo, kwa hiyo, ni sehemu ya haki.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: kwamba kuzungumzia namna ya kudurusu ni kukwepa tatizo lenyewe. Shirika la reli lilipotangaza nafasi takriban 35,000 mwaka 2019, walioomba walizidi milioni 12, na Januari 2022 ghadhabu kuhusu utaratibu wa uteuzi huo iliwatoa vijana barabarani na kwenye njia za treni katika majimbo ya Bihar na Uttar Pradesh. Juni 2024 mtihani wa kitaifa wa sifa za uhadhiri ulifutwa siku moja baada ya kufanyika, na sheria mpya ya kuzuia udanganyifu katika mitihani ya umma ikaanza kutumika mwezi huohuo. Tarehe 27 Julai mwaka huo maji ya mvua yaliingia katika maktaba iliyokuwa chini ya ardhi kwenye kituo cha tuisheni cha Old Rajinder Nagar, na wanafunzi watatu wakapoteza maisha. Mbele ya mambo hayo daftari la maswali linaonekana dogo, na ni dogo kweli. Hakuna mbinu ya kusoma inayoongeza nafasi hata moja. Kila anayepanda humshusha mwingine. Uhaba wa ajira, usimamizi wa mitihani na usalama wa majengo ni wajibu wa dola na wa wenye vituo, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kubebeshwa lawama ya mfumo kwa kuambiwa hakudurusu vizuri. Lakini ukweli huo unaipa nguvu hoja hii badala ya kuidhoofisha. Mtahiniwa wa kundi la jumla anaruhusiwa kujaribu mara sita hadi umri wa miaka 32. Hiyo ni miaka ya ujana wake bora, na kwa walio wengi haitazaa ajira waliyoiomba.

Kwa sababu hiyo swali la nini kinabaki kwa asiyechaguliwa si la pembeni. Limekuwapo tangu mtihani huu ulipozaliwa. Kamati ya mwaka 1854 iliyoongozwa na Thomas Macaulay, iliyopendekeza ushindani wa kuingia utumishi wa India, ilitaka mtihani uwe wa namna ambayo mtu atakayeshindwa hatakuwa na sababu ya kujutia muda na jasho alilolitumia kujiandaa. Waliozingatiwa wakati huo walikuwa vijana wa Uingereza. Mtihani wa kwanza ulifanyika London mwaka 1855, Satyendranath Tagore akawa Mhindi wa kwanza kufaulu mwaka 1863 baada ya kuvuka bahari, na hadi mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanyika pia katika ardhi ya India. Kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya watawala, lakini India huru ina haki kubwa zaidi ya kuidai kwa ajili ya watoto wake. Kijana aliyetumia miaka minne kuelewa bajeti inavyopitishwa, mahakama inavyoizuia serikali, kwa nini bei zinapanda na Cabo Delgado iko wapi, ataondoka bila cheo lakini akiwa raia anayeweza kuusoma muswada, kumhoji diwani wake, kufundisha darasa au kuandika habari. Aliyetumia miaka hiyo kukariri majina ya walioteuliwa, ambao wengi wao wameshaondoka madarakani, ataondoka na deni la kodi ya chumba. Walimu na vituo vinavyouza muhtasari wa kila siku wanaweza kuuandika kwa maswali badala ya orodha, na kuwaambia wanafunzi wao waziwazi ni kurasa zipi wasizisome. Tume nazo zinaweza kuendelea kuuliza kuhusu ramani, sababu na mwelekeo, na kuacha kuuliza mambo makavu yanayozawadia mrundiko. Hadi wote hao watakapofanya hivyo, mwanafunzi mwenyewe anaweza kuanza na habari moja ya leo, aielewe kiasi cha kumweleza mtu mwingine, na ajiulize tena wiki ijayo kama bado anayo.